Siku nne, filamu thelathini, transpo ya siku mbili

Swali: "Mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi. Sinema naipenda sana, lakini nimezoea kutazama kwenye simu na kwenye vibanda vya video vya mtaani. Sasa kuna tamasha la filamu mjini: siku nne, filamu zaidi ya thelathini, kiingilio bure. Ratiba imeandikwa kwa Kifaransa na imejaa vifupisho. Transpo (pesa ya nauli) ninayo ya siku mbili tu. Nichague nini, na nikifika nifanye nini ili nisirudi mikono mitupu? Halafu Kifaransa changu ni cha kubahatisha. Naweza kumuuliza mwongozaji swali kwa Kiswahili?"

Jibu: Ndugu yetu, transpo ya siku mbili inatosha kabisa, mradi usiitumie usiku wa ufunguzi. Usiku huo viti vya mbele huwa vimebandikwa karatasi za "réservé" (vimehifadhiwa), hotuba zinafuatana, na filamu iliyoandikwa 18h30 inaweza kuanza saa nzima baadaye, wakati wewe tayari unawaza basi la kurudi Katuba. Tena filamu ya ufunguzi kwa kawaida ndiyo yenye njia nyingine ya kukufikia. Ina msambazaji, pengine kuna televisheni iliyoinunua, na siku moja itaonekana kwenye intaneti. Filamu fupi ya dakika 17 ya vijana wa Likasi au Kolwezi haina hata kimoja cha hivyo. Ikishaonyeshwa Ijumaa alasiri, faili linarudi ndani ya diski ya mwenyewe, basi. Kwa hiyo pitia ratiba nzima na kalamu mkononi, na kwa kila filamu jiulize: hii nitaiona tena wapi? Ukiwa na jibu, iache. Usipokuwa na jibu, itie alama. Mwisho hesabu alama zako: siku mbili zenye alama nyingi ndizo siku zako.

Kwetu kipimo hicho kina uzito wa pekee, maana filamu za Kongo zina mazoea ya kufika mbali kabla ya kupita nyumbani. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alishinda tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, mwaka 1999. Baloji, mzaliwa wa mji huu huu, alituzwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 2023 kwa filamu yake ndefu ya kwanza. Habari za tuzo zinatufikia siku ileile. Filamu zenyewe zinachelewa, kwa sababu majengo mengi ya sinema ya zamani nchini yamekuwa makanisa na maghala.

Kwa kuwa tumemtaja Baloji: ukikuta jina hilo kwenye ratiba ya Lubumbashi, tazama kama kuna jina jingine kando yake. Yule wa Cannes ni mwanamuziki aliyegeukia filamu. Sammy Baloji ni mpiga picha na msanii wa video, mmoja wa walioanzisha kituo cha sanaa kiitwacho Picha na mikutano yake ya mwaka 2008 ambayo leo inajulikana kama Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Wote wawili walizaliwa hapa, mwaka mmoja, 1978, kwa hiyo watu kuwachanganya si ajabu. Jambo la kukufaa hapo ni hili: kazi ya video inayowekwa kwenye chumba cha maonyesho hujirudia yenyewe mchana kutwa, haina saa ya kuanza. Kazi za namna hiyo usizipangie muda. Ziweke za kujaza nafasi kati ya filamu mbili.

Sasa vifupisho. CM ni court métrage, filamu fupi. LM ni long métrage, filamu ndefu. "Fic." ni hadithi ya kubuni, "doc." ni filamu ya hali halisi. VO maana yake filamu inasema lugha yake ya asili, bila msaada. VOSTFR ni lugha ya asili pamoja na maandishi ya Kifaransa chini ya picha. VF maana yake sauti za wahusika zimefunikwa na sauti za Kifaransa. Kwa mtu ambaye Kifaransa chake ni cha kubahatisha, usidhani VF ndiyo rahisi zaidi. Mazungumzo ya VF yanapita mbio na hayakusubiri. Maandishi ya VOSTFR yanakaa sekunde kadhaa machoni, ni mafupi, na uso wa mwigizaji unakusaidia kubahatisha lililobaki. Ukiona "VO swahili", hiyo ni zawadi, lakini Kiswahili cha Kivu kinaweza kukutatiza dakika tano za kwanza. Usikate tamaa, sikio linazoea.

Alama moja juu ya namba, kama 26' au 52', ni dakika. Namba hizo mbili utaziona mara kwa mara kwenye filamu za hali halisi kwa sababu ndizo vipimo vya televisheni: nusu saa au saa nzima, ukitoa dakika za matangazo. Filamu ya 52' mara nyingi imetengenezwa kwa pesa za televisheni na ina sauti ya msimulizi inayoeleza kila kitu. Si kosa, ila ukitaka filamu ya hali halisi inayokuachia utazame mwenyewe, tafuta zile zenye urefu usio wa kawaida: 38', 71', 94'. Hiyo si kanuni, ni dalili tu, lakini inasaidia kuliko kusoma muhtasari, maana muhtasari wa filamu ni kama maneno ya mchumba siku ya kwanza.

"Reprise" ni onyesho la pili la filamu ileile. Ukikuta filamu uliyoitia alama ina reprise, chagua reprise. Kasoro za mitambo zilizojitokeza mara ya kwanza huwa zimeshashughulikiwa, na ukumbi una nafasi. Unachokosa ni mwongozaji mwenyewe, kwa hiyo tazama kwanza kama mjadala, "débat", umeandikwa kwenye onyesho la kwanza peke yake. "Sur invitation" usiende bila karatasi ya mwaliko. "Entrée libre dans la limite des places disponibles" ni bure, lakini viti vikijaa mlango unafungwa; fika nusu saa kabla.

Na saa. Kama tamasha lina maonyesho au mafunzo ya mtandaoni yanayotangazwa kutoka Kinshasa, ongeza saa moja: 17h00 ya Kinshasa ni 18h00 ya Lubumbashi. Ukimwambia rafiki kwa Kiswahili, mpe namba kama zilivyoandikwa, 16h00, maana ukisema "saa kumi" tu, mmoja atakuja 16h00 na mwingine 10h00.

Kupanga siku yenyewe ni hesabu ya ucheleweshaji. Onyesho la kwanza mchana likichelewa dakika kumi, la pili linachelewa ishirini, na la jioni linaweza kufika arobaini, kwa kuwa kila mjadala unavuka muda wake na fundi anahitaji dakika zake za kubadilisha faili na kujaribu sauti. Kwa hiyo maonyesho mawili yaliyo kumbi mbili tofauti yaache nafasi ya saa nzima kati yake, hata kama kwenye ramani ni hatua chache. Maonyesho matatu kwa siku ndiyo mwisho wa akili ya kawaida. La nne utaliangalia, hutaliona. Kula kabla ya la pili, chakula cha kweli, bukari (ugali) au mkate wenye kitu ndani. Njaa ya saa kumi na moja jioni imeharibu filamu nyingi nzuri kuliko waongozaji wabaya.

Beba noti ndogo za franka hata kama kiingilio ni bure, kwa ajili ya maji na njia; dola iliyochanika au kuchakaa hakuna atakayeipokea. Beba kalamu, daftari dogo la mfukoni, na koti. Koti si mzaha: mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Anayekwenda kwenye onyesho la uwanjani na shati la mikono mifupi hawezi kufika dakika ya sitini.

Mahali pa kukaa kuna hesabu yake, na ndiyo jambo ambalo simu haikukufundisha. Umbali mzuri ni kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya upana wa skrini. Skrini ya mita 4, ambayo ni ya kawaida kwenye kumbi za kitamaduni, inataka ukae mita 6 hadi 8 mbali nayo, yaani hatua nane hadi kumi za mtu mzima. Karibu zaidi, macho yanakimbia kushoto na kulia na kukosa maandishi. Mbali zaidi, unarudi kwenye simu yako. Lakini kumbi zetu nyingi zina sakafu ya usawa na viti vya plastiki, kwa hiyo vichwa vya watu vinakula sehemu ya chini ya picha, na huko chini ndiko maandishi yaliko. Hapo umbali unashindwa na kichwa cha jirani. Kaa kiti cha pembeni kwenye njia ya katikati, ambapo mbele yako hakuna mtu, au kubali safu ya kwanza hata kama ni karibu mno. Usikae chini ya spika, maana utasikia spika moja tu. Usikae ukutani upande ambao jenereta iko nje. Ukumbi wa saruji ukiwa mtupu sauti inarudi kama ndani ya tangi. Watu wakijaa, nguo na miili inaimeza ile mirindimo na maneno yanasikika. Ndiyo maana sauti iliyojaribiwa mchana inageuka kabisa usiku, na fundi analaumiwa bure.

Onyesho la uwanjani lina mambo yake. Mwezi wa sita jua la Lubumbashi linazama muda mfupi kabla ya 18h00, na picha inahitaji kama dakika 25 zaidi za giza kabla ya kuonekana sawasawa. Ratiba ikisema 18h00 uwanjani, soma 18h30. Wakilazimisha kuanza mapema, matukio ya usiku ndani ya filamu yatakuwa weusi mtupu, na hasara hiyo hairudishwi. Upepo ukiingia nyuma ya kitambaa, kinavimba kama tanga na picha inalegea katikati. Hapo ni bora ukae katikati kuliko pembeni, maana kutoka pembeni mikunjo inaonekana mara mbili. Msimu wa mvua, onyesho la nje ni la kuamua siku hiyohiyo baada ya kutazama mbingu.

Kuhusu kasoro: usinyamaze, na usipige kelele. Dakika mbili za kwanza ndizo za kusema, kwa sababu baada ya hapo fundi hatakubali kurudisha filamu mwanzo. Nyanyuka, nenda nyuma alipo, mwambie kwa sauti ya chini jambo moja tu, tena kwa jina lake. Watu wakionekana wembamba kama mihogo au wanene kupita kiasi, umbo la picha limewekwa vibaya. Ni marekebisho ya sekunde kumi kwenye projekta au kompyuta. Maneno yakitangulia midomo, kompyuta imezidiwa na faili; wasimamishe na kuanza upya, na wafunge programu nyingine zote. Herufi za Kifaransa zenye alama juu zikigeuka vijialama vya ajabu, faili la maandishi limehifadhiwa kwa mfumo tofauti wa herufi. Linaweza kusubiri, maana utasoma tu. Baya zaidi ni maandishi yanayozidi kuachana na maneno kadiri filamu inavyokwenda. Maandishi hayo yalitengenezwa kwa filamu ya picha 25 kwa sekunde, na hii inakwenda kwa 24, au kinyume chake. Tofauti inafika zaidi ya sekunde mbili kwa kila dakika moja, kwa hiyo kufikia dakika ya kumi swali la mume liko chini ya uso wa mke. Hilo halijirekebishi lenyewe. Mwambie fundi mapema: "Maandishi yanazidi kuachana," si "maandishi ni mabaya."

Umeme ukikatika, tulia. Jenereta inaweza kuwaka ndani ya dakika moja, lakini projekta ya taa ya zamani haikubali kuwashwa ikiwa moto. Lazima taa ipoe kwanza, na hiyo ni dakika kadhaa. Giza hilo si uzembe wa mtu. Ukitoka nje kununua karanga, acha daftari au kitambaa kwenye kiti, usiache simu.

Simu yenyewe izime kabisa. Mwanga wake ukumbini unaonekana safu kumi nyuma. Na usirekodi hata sekunde kumi za skrini. Matamasha makubwa mengi yanakataa filamu ambayo imeshaonekana mtandaoni. Kipande kikizunguka mitandaoni kutoka Lubumbashi, mwongozaji kijana anaweza kupoteza nafasi hiyo kwa kosa lisilo lake. Picha piga wakati wa mjadala, taa zikiwa zimewashwa.

Filamu fupi zinaonyeshwa tano, sita au saba mfululizo ndani ya saa moja na nusu, na hapo ndipo kumbukumbu inapochanganyikiwa: usiku hujui tena yule mama wa makaa alikuwa kwenye filamu ipi. Kati ya filamu moja na nyingine kuna sekunde chache za giza. Andika mambo mawili tu bila kutazama karatasi: namba ya filamu katika mfuatano, na picha moja uliyoishika, kama "3, ndoo nyekundu mlangoni". Nyumbani, ukiwa na ratiba mbele yako, utaijenga filamu nzima kutoka kwenye ile ndoo. Kuandika maoni wakati filamu inaendelea ni kupoteza vyote viwili. Kama lazima utoke, toka kwenye giza hilo hilo, si katikati ya filamu ya mtu.

Kiswahili sasa. Ndiyo, uliza kwa Kiswahili. Nyanyua mkono mapema, kabla wasomi wa safu ya mbele hawajajipanga, na mwambie anayeongoza mjadala: "Papa (au Mama), nitauliza kwa Kiswahili, mnisaidie kutafsiri." Mwongozaji wa hapa atakujibu moja kwa moja, na wa kutoka nje ana haki ya kusikia swali lililotafsiriwa. Ila tafsiri inataka swali fupi. Usiseme kwanza maoni yako dakika tatu. Usiulize "ujumbe wa filamu ni nini", kwa sababu atakujibu kwa maneno ya karatasi ya matangazo. Shika sehemu moja: "Pale mzee anapofunga duka, kamera inabaki nje na hatumwoni tena. Kwa nini hukuingia naye ndani?" Swali la namna hiyo linamlazimisha aeleze uamuzi, na huo ndio unaojifunza. Swali la pesa pia linafaa likiwa la kazi: mlipiga picha siku ngapi, mlikuwa watu wangapi, sauti mliirekodi palepale au baadaye? Kwa mtu mwenye umri, mwite Papa au Mama. Kwa aliyekuzidi kidogo, Yaya (kaka au dada mkubwa) inatosha. Usimrushie jina lake tupu mbele ya watu.

Kurudi usiku: mjadala unamalizika kuelekea 22h00, na mabasi ya Katuba yanakuwa machache. Kabla ya filamu ya mwisho, tafuta watu watatu wa upande wako, wa Katuba au wa Kenya (komini, si nchi), mkubaliane kuchangia taksi moja, na bei msemezane na dereva kabla ya kuingia. Msipopatana, ondoka filamu inapoisha na uache mjadala, si kinyume.

Tukirudi kwenye ile filamu ya vijana wa Likasi. Mjadala ukiisha, msubiri mwongozaji mlangoni, usimpandie jukwaani. Mwambie ni sehemu gani ilikushika, kisha muulize kama angekubali filamu ionyeshwe mara moja mtaani kwenu, kwenye kile kibanda cha video ulichokizoea. Wengine watakataa kwa sababu filamu bado inazunguka kwenye mashindano, na hapo usisisitize. Anayekubali, omba idhini kwa maandishi, hata ujumbe wa simu: tarehe moja, mahali pamoja, kiingilio ni bure au ni kiasi gani na kinakwenda kwa nani, na kwamba faili litafutwa kesho yake. Muombe akupe faili la kawaida la MP4 lenye maandishi yaliyoshonwa ndani ya picha. Lile la ukumbini linaweza kuwa la DCP, muundo wa mitambo ya kumbi za sinema, na hilo kompyuta ya kibanda haitalifungua.